Jumla, avareji ama mwenzake wa timu: ukilinganisha madereva wa msimu mzima, ushike namba gani?

Desemba nililisha watu watano ngege pale Lwang'ni, Kisumu, samaki mzima mzima si vipande, na ugali juu, na mmoja bila aibu akaitisha ingine ya kubebea watu wa nyumbani, na yote ilitokana na namba moja nilisoma vibaya mwezi wa kwanza. Iko hivi. Mimi ni wa Nakuru, jamaa yangu ni wa Kondele, na kila mwaka kabla rali ya Monte Carlo ianze tunaweka dau letu la kando. Kila mtu anachagua dereva mmoja wa rali na mmoja wa Formula 1, msimu ukiisha tunajumlisha pointi zao, mwenye amepoteza analisha wengine. Mimi 2025 nilichukua Elfyn Evans na Oscar Piastri. Yeye akachukua Sébastien Ogier na Lando Norris. Evans alimaliza na 289, Piastri 410, hio ni 699. Ogier 293, Norris 423, hio ni 716. Pointi 17 tu na mfuko ukalia.

Sasa tunachagua wa 2026 na safari hii nimekaa chini na kalamu, nikaweka zile njia zote za kuhesabu kando kwa kando, juu madereva wangu hawakua wabaya hata kidogo, ubaya ulikua kwa vile niliwachagua. Kama na wewe uko na grupu kama yetu, ama unacheza fantasi, ama kuna mtu kwa kinyozi unataka kumnyamazisha, soma uone yenye itakufaa.

JUMLA DHIDI YA AVAREJI

Jumla ya pointi ndio kila mtu anaanza nayo na si makosa, kombe lenyewe linapeanwa kwa hio. Lakini jumla ni kama hesabu ya mwisho wa mwezi, inakuambia kiasi imeingia, haikuambii ni siku ngapi mtu alitoka kazini.

Evans 2025 alikimbia rali zote 14. Ogier alikimbia 11, akaruka Sweden, akaruka Safari Rally yetu hapa Kenya, akaruka Estonia. Na bado akashinda ubingwa kwa pointi 4, ubingwa wake wa tisa, akawa sawa na Sébastien Loeb. Sasa gawanya. Ogier 293 kwa 11 ni karibu 26.6 kila rali. Evans 289 kwa 14 ni kama 20.6. Tofauti ya pointi 6 kila wakati wakiwasha gari! Kumbuka mtu akifanya kila kitu sawa wikendi nzima, ashinde rali, achukue bonasi yote ya Jumapili na bonasi yote ya pawa steji (steji ni kipande cha barabara kinachopimwa saa, pawa ndio ile ya mwisho), anapata 35, kwa hivyo 26.6 ni mtu ambaye karibu kila wikendi ako pale juu. Ushindi ni vile vile, Ogier 6, Evans 2, Sweden na Safari.

Mimi mwezi wa kwanza nilijiambia huyu mzee hakimbii msimu mzima, nimchukue wa nini, wacha nichukue mtu wa kila wiki. Na karibu nitoboe kusema ukweli, wakienda Saudi Arabia rali ya mwisho Evans alikua mbele kwa pointi 3, nilikua nishaanza kumtumia jamaa meseji za dharau. Alinijibu kitu kimoja tu: "Omera, wewe unaangalia nani atatoka mara nyingi, mimi naangalia akitoka analeta ngapi."

Sasa usikimbie uanze kuabudu avareji, nayo iko na ujanja wake, na hapa ndipo watu wengi wa mtandaoni wanaanguka. Nimeona watu wanachukua 26.6 wanazidisha na 14 wanasema angekimbia zote angepata kama 373. Hapana. Mtu anayekimbia nusu msimu hachagui rali kwa kurusha shilingi, na mara nyingi zile anaruka ndizo zingemshusha. (Ingawa kwa Ogier hio pia si moja kwa moja, Safari ameshinda mara mbili, 2021 na 2023, na bado 2025 hakuja.)

Halafu kuna kitu ya barabara. Kwa rali siku ya kwanza mnaanza kwa mpangilio wa ubingwa, mwenye anaongoza pointi anatangulia, na kwa murram hio inamaanisha yeye ndio anafagia, kokoto zile nyepesi zote anazitoa yeye, wa nyuma wanapata laini safi yenye tairi inashika. Evans 2025 aliongoza ubingwa sehemu kubwa sana ya mwaka. Maana yake huyo mtu Ijumaa baada ya Ijumaa alikua mfagiaji. Ogier kwa kuruka Sweden na Kenya alikua chini ya Evans kwa msimamo, kwa hivyo rali za murram zilizofuata alianza nyuma yake. Hio 26.6 dhidi ya 20.6 sehemu yake ni ufagio. Kiasi gani hakuna mtu anaweza kukuambia kwa uhakika lakini si sufuri.

Yangu kwa hii ya kwanza: kama mchezo wenu unahesabu jumla na dereva ako na ratiba kamili, jumla ya mwaka jana ni mwanzo mzuri. Kama kuna mtu wa nusu msimu kwa orodha, lazima ugawanye, halafu hio avareji uikate kidogo kabla uiamini.

USHINDI, NA VILE SHERIA YA KUHESABU INAWEZA KUGEUZA BINGWA

Kuna watu wao ni ushindi tu, nani ameshinda nyingi basi. Inavutia lakini ni namba chache mno. 2024 Kalle Rovanperä alikimbia rali 7 akashinda 4, Safari ikiwa mojawapo. Thierry Neuville alikimbia 13 akashinda 2 na ndiye akawa bingwa. Ukiangalia ushindi peke yake utasema Neuville ameiba. Lakini zile 3 zingine za Rovanperä ni Sweden alipoingia kwa theluji, Ureno akabingirika, na Finland alikua anaongoza kabisa, steji ya pili kutoka mwisho akagonga jiwe akaenda. Ushindi hauonyeshi hizo tatu, unazificha.

Mfano wenye mimi napenda kuliko yote ni wa 1988, kwa sababu pale gari ni moja, timu ni moja, McLaren, na walishinda mbio 15 kati ya 16 kwa hivyo hakuna kisingizio cha mtu wa nje. Ayrton Senna na Alain Prost. Weka kando kwa kando:

Senna: ushindi 8, namba mbili mara 3, jumla ya pointi zote 94.
Prost: ushindi 7, namba mbili mara 7, jumla ya pointi zote 105.

Bingwa? Senna. Kwa sababu sheria ya wakati huo ilisema kila mtu anahesabiwa matokeo yake 11 bora peke yake, mengine yanatupwa. Senna akabaki na 90, Prost akabaki na 87. Prost alitupa mara 3 nzima alizomaliza wa pili, kila moja pointi 6, bure kabisa. Nikajaribu kuwahesabia kwa pointi za siku hizi, ile 25 kwa wa kwanza, 18 kwa wa pili na kuendelea, bila kutupa kitu: Prost 301, Senna 275. Si mchezo, watu ni wale wale, mbio ni zile zile, na bingwa anabadilika kwa sababu ya karani.

Kwa hivyo mtu akikuambia fulani alikua na pointi mingi kuliko fulani wa miaka ile, muulize kwanza walikua wanahesabiwa vipi. Huwezi kuweka 105 ya 1988 kando ya 423 ya Norris 2025, mbio zilikua 16, 2025 zilikua 24 na zingine 6 fupi za Jumamosi, na ushindi ulikua pointi 9 sasa ni 25. Hata Safari yetu zamani hawakua wanahesabu kwa sekunde za steji vile tunaona sasa, ilikua ni penalti za kuchelewa, na 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza na penalti sawa kabisa mpaka ikabidi watafute kigezo kingine cha kuwatenganisha, Mehta akapewa. Mimi nikilinganisha watu wa miaka tofauti natumia asilimia, kati ya pointi zote zenye angeweza kupata amepata ngapi. Haimalizi ubishi lakini angalau mnaongea lugha moja.

MWENZAKE WA TIMU

Hapa sasa ndio nitakaa kidogo.

Chukua matatu mbili za sacco moja zinatoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Kericho. Wa kwanza ako na shark mpya, wa pili ako na box ya zamani ambayo inachemsha kabla ifike Mau Summit. Jioni wa kwanza analeta hesabu kubwa, kila siku. Ni dereva mzuri kuliko mwenzake? Hujui. Hauwezi kujua. Lakini kama hio box inaendeshwa na watu wawili kwa zamu, mmoja wiki hii mwingine wiki ijayo, na mmoja kila wiki yake inaleta zaidi, hapo sasa umepata kitu, maana gari ni moja, barabara ni moja, abiria ni wale wale wa Kericho na Ahero.

Formula 1 iko hivyo. Gari inabeba sehemu kubwa sana ya matokeo, kwa hivyo mtu pekee unaweza kumpima naye bila kudanganyana ni yule wa gereji moja. Angalia 2025. Ubingwa ulimalizika Norris 423, Max Verstappen 421, Piastri 410. Ushindi Verstappen 8, Norris 7, Piastri 7. Kwa jumla hao watu watatu ni kama mapacha. Sasa chukua kila mmoja uangalie ameleta asilimia ngapi ya pointi za timu yake. McLaren ilikua na 833, Norris ameleta 50.8 kwa mia, yaani nusu kwa nusu na mwenzake. Red Bull ilikua na 451, Verstappen peke yake 421. Hio ni 93 kwa mia! Yuki Tsunoda alikalia kile kiti kingine karibu msimu wote na alileta 30, Liam Lawson mbio 2 za kwanza hakuleta kitu.

Mimi hio namba ilinifanya nibadilishe maneno yangu ya mwaka mzima. Nilikua nasema Verstappen amezoea kubebwa na gari. Gari gani hio inabeba mtu mmoja inamwacha mwingine?

Lakini ngoja, jamaa wa Kondele hapa alinikata maneno na alikua na hoja. Asilimia ya timu inapima watu wawili kwa wakati mmoja. 93 inaweza kumaanisha huyu ni moto sana, ama huyo mwingine amelala, ama gari imetengenezwa kwa mtindo wa mtu mmoja mpaka mwingine yeyote akiingia anateleza. Kile kiti cha pili cha Red Bull kimekula watu wengi. Na Norris kuwa na 50.8 si aibu, ni kwa sababu mwenzake ni Piastri. Kwa hivyo mwenzake wa timu ni kipimo kizuri ukijua huyo mwenzake ni nani, ukimpima mtu na mlango kila mtu ataonekana mrefu.

Dawa yake ni kufuata mnyororo. Fulani alikua na fulani, huyo baadaye akawa na mwingine, unaunganisha. George Russell 2022 alimshinda Lewis Hamilton ndani ya Mercedes 275 kwa 240, 2024 tena 245 kwa 223. Halafu 2025 Hamilton akaenda Ferrari, Charles Leclerc akamaliza na 242 yeye 156. Ukiunganisha unaanza kupata picha ya Russell na Leclerc hata kama hawajawahi kukalia gereji moja. Ni picha ya ukungu, mtu anaweza kuzeeka katikati ya mnyororo, lakini ni picha.

MCHUJO WA JUMAMOSI AMA MBIO ZA JUMAPILI

Hata ukishaamua kutumia mwenzake wa timu, bado kuna swali, unawapima Jumamosi, kwa mchujo wa kupanga nani anaanza wapi, ama Jumapili kwa mbio zenyewe? Hapa mfano ni Hamilton na Jenson Button, McLaren, 2010 hadi 2012. Miaka mitatu gari moja. Jumla ya pointi za miaka hio yote: Button 672, Hamilton 657. Watu wa Button hii ndio wimbo wao, ati alimshinda Hamilton. Sasa geuza karatasi. Kuanza mbele kabisa kwa gridi Hamilton mara 9, Button mara 1. Ushindi Hamilton 10, Button 8. Na ukiangalia mwaka kwa mwaka, Hamilton alikua mbele 2010, 240 kwa 214, na 2012, 190 kwa 188. Button aliongoza mwaka mmoja tu, 2011, 270 kwa 227, lakini huo mmoja ulikua mkubwa mpaka ukafunika ile miwili.

Nani mkali sasa? Mimi najibu hivi, na unaweza kunipinga. Mchujo wa Jumamosi unaonyesha kasi tupu, hakuna kugongwa, hakuna mambo ya tairi kuisha, hakuna mtu wa pit stop ameangusha spana. Jumapili inaonyesha kasi pamoja na akili pamoja na bahati, na bahati hio ndio shida. 2012 Hamilton alikua anaongoza Singapore giaboksi ikafa, akaongoza Abu Dhabi mafuta yakakataa kupanda, Brazil akiongoza akagongwa. Hio yote imeingia kwa 190 yake kama vile ni yeye hajui kuendesha. Lakini 2011 hasara yake nyingi ilikua kugongana gongana na watu, hio haiwezi kuitwa bahati mbaya mwaka mzima, hio ni yeye.

Na ukitumia mchujo, tafadhali usijumlishe sekunde hivi hivi. Sekunde 0.2 Monaco ambapo raundi ni kama sekunde 70 ni karibu 0.29 kwa mia, sekunde 0.2 hizo hizo Spa ambapo raundi ni kama sekunde 105 ni 0.19 kwa mia. Geuza kila kitu kiwe asilimia kwanza. Halafu usitumie avareji ya kawaida, kwa sababu Jumamosi moja ya mvua ambayo mtu amekaa sekunde 3 nyuma itaharibu mwaka mzima. Panga tofauti zote 24 kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ile ya katikati. Simu yako inaweza kufanya hio kazi dakika kumi, na hio namba ya katikati ikikuambia 0.15 kwa mia basi hao wawili wako karibu sana, ikikuambia 0.4 hapo kuna mkubwa na mdogo.

KUTOA BAHATI BILA KUDANGANYA

Hii inahitaji uaminifu kwa sababu kila mtu anatoa bahati mbaya ya mtu wake anaacha ya wengine. Sheria yangu ni moja, gari ikifa ama timu ikikosea natoa, dereva akikosea mwenyewe inabaki.

Jaribu kwa Norris na Verstappen 2025. Norris alipoteza Zandvoort kule Uholanzi, alikua namba mbili gari ikavuja oili zikiwa zimebaki raundi chache, hio ni pointi 18. Las Vegas alimaliza namba mbili akaondolewa kwa sababu ubao wa chini ya gari ulikua umelika kupita kiasi, hio ni timu, 18 zingine. Mrudishie 36 anakua na 459. Verstappen pale Zandvoort alipanda kutoka tatu hadi mbili kwa sababu ya Norris kutoka, kwa hivyo unamtoa 3, anabaki na 418. Ghafla pengo la pointi 2 limekua 41. Canada Norris alimgonga Piastri kwa nyuma mwenyewe, hio siguzi, ni yake. Na kuwa mkweli, Austria Verstappen aligongwa na Kimi Antonelli raundi ya kwanza tu, naye hakua na makosa, lakini alikua ameanza nafasi ya saba, nitamrudishia ngapi? Nikimpa nyingi nadanganya, nikimpa sufuri nadanganya. Hapo naandika tu kando kwa kalamu nyekundu kwamba hio 41 ni kubwa kuliko ukweli.

Unaona sasa vile hizi hesabu mbili zinavutana? Ukitoa bahati Norris anazidi kuenda mbele. Ukiangalia mwenzake wa timu Verstappen anaenda mbinguni. Zote ni za kweli, moja inajibu nani alistahili kombe kwa gari alizopewa, ingine inajibu nani ungempa gari yako. Mimi ningempa Verstappen funguo, na dau langu ningeweka kwa mtu wa gari nzuri zaidi. Si lazima awe mtu mmoja.

RALI KWETU HAPA NI HESABU INGINE

Safari iko karibu na sisi, Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior zote ni kaunti ya Nakuru, mtu anatoka Nakuru mjini alfajiri na chai kwa flaski na kabla jua likolee amesimama kwa boma la ng'ombe la mtu akingoja vumbi. Na rali iko na kitu kizuri kwa mtu wa takwimu, rali moja si matokeo moja, ni steji kama 20. Mtu anaweza kupoteza rali lakini steji zikakuambia ukweli. 2021 Neuville aliamka Jumapili anaongoza, steji ya kwanza tu ya asubuhi, Loldia, suspenshen ikavunjika, Ogier akachukua. Kitabu kinasema Neuville hakumaliza. Steji zinasema hadi hapo yeye ndio alikua moto.

Namba ya kutumia hapa ni sekunde kwa kila kilomita. Mtu amepoteza sekunde 9, ni mbaya? Kama ni Kedong yenye ni kilomita 30 hivi, hio ni 0.3 kwa kilomita, ni kawaida, labda amekua makini na mawe. Kama ni ile ya Kasarani ambayo haifiki hata kilomita 5, hio ni karibu 2 kwa kilomita, kuna kitu imeharibika ama amezima injini. Toa steji alizopata pancha, toa zile amefagia barabara ama mvua imenyesha katikati ya watu kuanza, zilizobaki linganisha. Mvua ndio inaleta maneno sana huku kwetu, wa kwanza anapita kwa kavu, wa sita anakuta mto.

Na hii inanileta kwa Takamoto Katsuta, huyu Wakenya wanampenda vibaya sana. Safari 2021 namba 2, 2022 namba 3, 2023 namba 4, 2024 namba 2. Avareji 2.75, na hapo 2022 na 2023 Toyota, timu yake, walichukua nafasi nne zote za juu kwa hivyo namba nne haikua kushindwa na watu wa nje. Lakini hadi 2025 inaisha hakua ameshinda hata rali moja ya ubingwa wa dunia. Kwa hivyo kama unachagua mtu wa Safari peke yake, wiki hio moja, avareji ya uwanja inaweza kukupa Katsuta na hautakua umekosea sana. Kama unachagua wa msimu mzima hio 2.75 iweke kando, ni rali nne tu, mara nne hata mimi naweza kufunga penalti.

Ni hapo kwa uchache pia nimekua mkali siku hizi. Chini ya mbio kumi silinganishi watu, naangalia tu. Isack Hadjar alikua namba 3 Zandvoort 2025 akiwa mwaka wake wa kwanza, watu wakaanza kumuimba, sawa, ni kijana mzuri, na sasa 2026 anakalia kile kiti cha Red Bull kando ya Verstappen. Tutajua.

2026 YANGU

Kwa Formula 1 magari yote ni mapya, injini mpya na bodi mpya, kwa hivyo jumla ya pointi ya 2025 nimeitupa, hio ilikua ya gari ambayo haiko tena. Nimebaki na mwenzake wa timu na tofauti ya mchujo, kwa sababu hizo dereva anahama nazo. Nimeandika Russell. Kwa rali Rovanperä alitangaza anaacha mwisho wa 2025 aende mbio za lami za saketi kwa hivyo namba zake zote nzuri hazinisaidii. Ogier bado ni nusu msimu, Evans bado ni kila wiki. Niligawanya, nikakata, nikarudia tena usiku umeme ukiwa umepotea na simu iko asilimia 9, na kila mara inatoka karibu sawa, Ogier anazidi kidogo kwa ubora, Evans anazidi kidogo kwa idadi.

Nimechukua Evans tena.

Jamaa wa Kondele ameona, hajaandika kitu, ametuma tu picha ya samaki.